Boksi Lililofika Jepesi

Saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku yangu ya nne kazini, nilifungua boksi ambalo sikupaswa kulifungua. Naijua dakika yenyewe kwa sababu kamera ya ghala iliiandika, na baadaye nikaonyeshwa.

Lilikuwa boksi jeupe, zito, limezungushiwa utepe, na dereva alitaka sahihi yangu. Mimi ni Mrundi, na kabla ya kuletwa Sydney nilikaa miaka kumi na mitatu katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma. Kambini, siku ya mgao, huweki dole gumba kwenye karatasi kabla hujafungua gunia ukauona unga kwa macho yako. Ukishaweka dole, gunia likiwa pungufu, upungufu ni wako. Kwa hiyo nilikata utepe, nikainua mfuniko, moshi mweupe ukatoka, nikavitoa vichupa kimoja kimoja na kuvihesabu juu ya meza. Vilikuwa sitini, kama karatasi ilivyosema. Nikaridhika, nikavirudisha, nikatia sahihi. Ndani ya vichupa vile mlikuwa na seli hai zilizogandishwa kwa ajili ya utafiti wa dawa. Dakika nane juu ya meza zilitosha kuziua zote.

Nawaandikia ninyi mnaobaki katika ghala letu la Smithfield, na naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha kwenye chumba cha chai, Mkongo, Mrundi, Mkenya na Mtanzania. Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na tisa. Mgongo uliamua kabla yangu. Vyeo sitavizungumzia, vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kivietnam, Linh, ambaye sote tulimwita Mama Linh ingawa alinizidi miaka sita tu. Nilisimama mbele yake nikisubiri kufukuzwa. Aliniuliza nilikuwa natafuta nini ndani ya boksi. Nikamweleza habari ya gunia na dole gumba, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, ambacho kilikuwa na vitenzi kama ishirini. Alisikiliza hadi mwisho. Yeye mwenyewe aliikimbia nchi yake kwa boti akiwa msichana, akaishi kambini miaka miwili kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo gunia hakuhitaji kutafsiriwa.

"Kukagua si kosa," alisema. "Umekosea chombo. Ukitaka kujua kilichomo bila kufungua, kipime."

Akanipeleka kwenye mizani iliyokuwa pembeni ikitumika kuwekea makoti. Akayaondoa makoti. Kisha akanipa daftari la kurasa mia mbili na kuniamuru niandike kwenye ukurasa wa kwanza thamani ya seli nilizoua: dola 6,240. Kampuni ililipa. Mimi niliambiwa niendelee na kazi.

Somo lake lilikuwa rahisi, na sitaki lipotee. Barafu kavu si maji yaliyoganda, ni gesi iliyoganda. Haiyeyuki, inatoweka hewani. Boksi likiondoka Ulaya na kilo ishirini za barafu hiyo, kila saa inayopita linapungua uzito, na hakuna tone linalobaki chini kukushtua. Boksi letu la kawaida pamoja na bidhaa lilikuwa kilo kumi na moja na nusu bila barafu. Lilipofika kwetu na kilo ishirini na mbili au tatu, ulijua kwamba barafu ipo na seli zimelala salama. Likifika na kilo kumi na mbili, una boksi la maiti. Hayo yote unayajua bila kugusa utepe.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne: mizani, daftari, glovu ndefu na penseli. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino inaganda kwenye chumba cha baridi na kukuacha ukichora mistari isiyoonekana. Na mlango wa chumba cha barafu kavu uachwe wazi wakati wote mtu akiwa ndani. Gesi ile haina harufu wala rangi, inakulaza na haikuamshi. Kijana mwenye haraka ya kufunga mlango ili baridi isitoke, mwambieni kwamba baridi hununuliwa kila wiki, uhai haununuliwi.

Shule niliiacha darasa la saba. Mengine niliyapata kwenye maktaba ya mtaani kwetu Liverpool, hapa hapa Sydney, na ndani ya basi la kwenda Smithfield, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Nilisoma maana ya seli, maana ya kingamwili, kwa nini dawa fulani inaharibika ikipata joto mara moja tu hata ukiirudisha kwenye baridi. Mwaka wa tatu nilianza kusoma ramani za usafirishaji, kwa sababu daftari lilikuwa limeanza kunionyesha jambo. Maboksi yaliyopitia Singapore yalifika na uzito unaokaribiana sana, hili kilo ishirini na mbili, lile ishirini na tatu na nusu. Sikujua kwa nini. Niliandika tu.

Mama Linh alistaafu nikiwa na miaka minane kazini. Akaja meneja mpya, Graham, mtu wa hesabu, mwenye haki kwa namna yake na haraka kwa namna yake. Aliangalia gharama za Singapore akaona ni kubwa: tulikuwa tukilipia boksi lipokelewe kule, likaguliwe, liongezwe barafu, kisha lipande ndege ya kuja Sydney. Kulikuwa na msafirishaji mwingine aliyetoza nafuu, akipitisha mizigo kwenye viwanja viwili vya kati bila mtu kuigusa. Graham aliamua kujaribu njia hiyo kwa miezi mitatu. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Nilikuwa na daftari lenye miaka tisa ndani yake na nikanyamaza kwa sababu sikuwa nimeulizwa. Msifanye hivyo.

Mwezi wa pili wa jaribio hilo, Jumatano asubuhi, maabara moja iliyokuwa ikitafiti saratani ya damu ilipiga simu. Boksi tulilowapelekea lilikuwa limejaa barafu vizuri, lakini kibandiko cha ndani kilikuwa chekundu. Kibandiko hicho hugeuka rangi bidhaa zikipata joto, na hakirudi nyuma. Kinakwambia kwamba joto liliingia, hakikwambii lini. Hasara ilikuwa dola 38,400, na watafiti walipoteza miezi minne ya kazi.

Graham alihesabu haraka. Barafu ilikuwa tele, kwa hiyo safari haikuwa na tatizo. Basi boksi liliachwa wazi hapa kwetu. Na mtu aliyelifungua hapa kwetu Jumanne ili kuongeza barafu alikuwa mmoja tu, Furaha.

Furaha ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, na alikuwa ameletwa na wakala wa ajira. Ninyi mliopitia kwa wakala mnajua kwamba huhitaji kufukuzwa. Simu haipigwi tena, basi. Aliambiwa Ijumaa itakuwa siku yake ya mwisho. Mama yake mzazi alikuwa bado kambini Tanzania, na faili la kumleta lilitaka hati za mshahara za mwaka mzima bila kukatika. Furaha alikuwa na za miezi kumi.

Nilimkuta chumba cha chai akiwa na kikombe ambacho hakukinywa.

"Papa Melki, mimi sikuacha boksi wazi," alisema. "Nilifungua, nikaona glace, ile barafu, imeisha, nikatia kilo kumi, nikafunga. Ni hivyo tu."

"Ulimwambia nani kwamba imeisha?"

"Nimwambie nani? Kazi yangu ni kutia. Ukikuta sufuria haina maji unatia maji, hauitishi mkutano."

"Na ulimweleza Graham?"

"Nilimweleza. Akaniuliza nani aliona." Akasogeza kikombe. "Mungu iko aliona, lakini Graham hana namba yake."

Nilikwenda kwenye kabati langu nikatoa daftari. Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, boksi la maabara ile, mwandiko wangu: kilo 12.1. Pembeni yake, kama kawaida, alama ya kwamba nimetia sahihi ya kupokea.

Nilisimama pale nikiitazama namba ile. Furaha alikuwa amesema kweli. Boksi lilipofika kwetu lilikuwa na gramu mia sita za barafu, vipande vya mwisho. Seli zilikuwa zimekufa kabla hazijagusa ardhi ya Sydney, na Furaha alizifunika kwa kilo kumi za barafu mpya kama mtu anayefunika marehemu kwa blanketi. Lakini mizani ilikuwa imeniambia mimi kwanza. Nilipima, nikaandika, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Miaka tisa ya namba nzuri ilikuwa imenizoesha kutosoma nilichoandika. Kama ningeisoma, ningekataa boksi mlangoni, na leo wangekuwa wakibishana msafirishaji na mtumaji, si Furaha na Graham.

Sitawadanganya kwamba uamuzi ulikuja mara moja. Sahihi ya kupokea mzigo pungufu ilikuwa yangu. Kuonyesha ukurasa ule kulikuwa ni kujiweka mahali pa Furaha, na mimi nilikuwa na mkopo wa nyumba. Nilimpigia Mama Linh, aliyekuwa akilima mboga nyuma ya nyumba yake. Nikamsomea namba.

"Ukurasa wa kwanza bado upo?" aliuliza.

"Upo."

"Basi unajua kwamba mtu hafi kwa kukosea. Lakini usifike kwa Graham na ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja ni hadithi. Nenda na daftari lote."

Alikuwa sahihi, kwa sababu swali la kwanza la mtu wa hesabu lingekuwa kama mizani yenyewe inasema kweli. Hapo nikaikumbuka Singapore. Kule, kila boksi lilipimwa kabla ya kupakiwa, na uzito ukagongwa muhuri kwenye karatasi. Karatasi hizo hazikuletwa kwetu, hakuna aliyewahi kuzitaka. Mchana ule ule nilimwandikia mkuu wa zamu wa ghala la kule, mwanamke aliyeitwa Rohani, ambaye nilijua jina lake tu kutoka chini ya barua pepe. Nikamwomba uzito wa maboksi ishirini ya mwisho yaliyopita mikononi mwake.

Ulaya walikuwa bado wamelala. Singapore saa zao ziko nyuma ya zetu kwa mbili au tatu tu, na Rohani alikuwa kazini. Majibu yalifika kabla ya saa kuisha, karatasi ishirini zenye mihuri, na mstari mmoja wa maandishi: alikuwa akijiuliza kwa miaka mingi kama kuna mtu Sydney anayepima.

Niliziweka namba zake kushoto na zangu kulia. Katika maboksi yote ishirini, tofauti ilikuwa ile ile, kilo moja au pungufu kidogo, yaani barafu inayopotea kwa safari ya saa nane na shughuli za uwanjani. Mizani zetu mbili, zilizo mbali namna ile, zilikuwa zikisema lugha moja.

Alhamisi saa mbili asubuhi niligonga mlango wa Graham. Nililiweka daftari mezani, nikafungua Jumanne, nikaweka karatasi za Rohani kando yake. Nikamweleza kwa utaratibu: uzito wa boksi bila barafu, uzito lilipoondoka Ulaya, uzito lilipofika kwetu, kilo kumi alizotia Furaha, uzito walioukuta maabara. Alipiga hesabu mwenyewe kwenye karatasi, mara mbili. Ilikubali mara zote mbili.

"Kwa nini hukusema Jumanne?" aliuliza.

"Kwa sababu sikusoma nilichoandika. Hilo ni kosa langu, si la Furaha. Kama lazima mtu aondoke Ijumaa, sahihi iliyo kwenye karatasi ya mpokeaji ni yangu."

"Unajua unachosema, Melki?"

"Nimekiandika kwa miaka tisa."

Alifungua kurasa za nyuma. Kisha akauliza zile namba zinazopanda na kushuka za miezi miwili ya karibuni ni za nini. Nikamwambia ndiyo njia yake ya bei nafuu: kilo kumi na sita, kumi na tisa, kumi na nne. Na zile zilizonyooka ni Singapore. Hakupenda kuliona, lakini nampa heshima yake, alilitazama.

Furaha aliambiwa abaki. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ninalo bado, limeandikwa vizuri. Ilibaki hasara. Dai la mzigo ulioharibika lilitakiwa kumfikia msafirishaji ndani ya siku kumi na nne, na siku mbili zilikuwa zimekwisha. Msafirishaji alijibu kwanza kwamba daftari la penseli si ushahidi. Tukatuma picha ya kibandiko cha mkaguzi wa mizani, ambacho Mama Linh alituzoesha kukipata kila mwaka wakati wengine wakicheka kwamba tunakagua kifaa cha kuwekea makoti. Tukatuma karatasi za Rohani. Siku ya kumi na mbili wakakubali: ndege ya kuunganisha ilifutwa, na boksi lilikaa saa thelathini na moja kwenye banda lisilo na ubaridi. Hakuna aliyelipima, kwa hiyo hakuna aliyejua. Bima yao ikalipa dola 38,400.

Graham alirudisha maboksi yote Singapore, na mwaka uliofuata akanituma huko siku nne nione kazi yao. Nilimkuta Rohani, mama mfupi mwenye koti kubwa la baridi juu ya hijabu. Alinipeleka kwenye mizani yake kabla ya kunipa chai. Nilielewa pale kile ambacho ramani haikuwa imenieleza. Kiwanda kinachotengeneza dawa, maabara inayoijaribu, hospitali inayoitumia na uwanja wa ndege viko umbali wa safari fupi ya gari. Mtafiti akikwama, anayeuza kifaa anafika siku hiyo hiyo. Ndege za kila upande ni nyingi, moja ikifutwa nyingine ipo. Vibali vinashughulikiwa mzigo ukiwa bado angani, na afisa akisema hapana anakwambia kifungu gani. Kampuni za Ulaya na Amerika huweka akiba yao pale kwa sababu mkataba ukivunjwa wanajua watakwenda kwa nani, na kwa sababu kutoka pale nusu ya Asia, pamoja nasi huku chini, tunafikika ndani ya siku moja ya kazi.

Nilimuuliza Rohani kwa nini kwao hakuna anayesahau kupima. Alinionyesha mlango. Nje palikuwa na joto la kukata pumzi.

"Sisi tunaishi ndani ya adui," alisema. "Anayeishi kwenye baridi ndiye anayesahau."

Kodi ya majengo kule ni kubwa, na mishahara ya wataalamu pia, na boksi linalopitia pale litagharimu zaidi kuliko lile linaloachwa bandani. Hayo Graham alikuwa ameyaona, na hakukosea kuyaona. Alichokosa kuona ni kwamba alikuwa akilipia mikono, si jengo. Wapo kati yenu wanaotaka kuanzisha biashara zao za usafirishaji, wengine hapa, wengine wanatazama nyumbani, na wanazungumza kuhusu majokofu na viwanja vya ndege. Sawa, nunueni. Lakini kituo kinakuwa kituo pale mtu wa kila mlango anapokataa kuweka dole gumba kabla hajapima. Hilo kambini tulilijua kabla ya Graham. Tulikosea chombo tu.

Furaha sasa ndiye msimamizi wa chumba cha baridi. Mama yake yupo Liverpool, na hulalamikia baridi kila siku, mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe cha huku, kwa haki. Siku yangu ya mwisho walinikatia keki, na Graham akasema maneno machache kuhusu dola 38,400 alizosema nimeziokoa. Watu wakapiga makofi. Furaha alikuwa amelishika daftari, maana nililiacha kwake, na alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza.

"Papa Melki," alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "mbona huyu meneja hajatoa humo zile 6,240 zako za kwanza?"

Akachukua penseli, akatoa mwenyewe, akageuza daftari nione. Dola 32,160.